Gitaa na Kikohozi

Machi 4

Binamu Nyuzi,

Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linanitabiria mvua. Wewe sikuulizi hali. Najua utajibu "nipo", kisha ukurasa wote ubaki mweupe.

Safari hii huna pa kukimbilia. Kuna mama mmoja anaandaa kitabu kuhusu wanamuziki wa kujitegemea, sisi tuliorekodi vyumbani kwetu na kusambaza kanda kwa mkono. Namwita Mhariri, maana hajawahi kuona sentensi yangu asiikate. Hataki mahojiano. Anataka watu waliopiga muziki pamoja waandikiane barua, wasimuliane yaliyotokea nyuma ya nyimbo zao, naye atazichapa. Ametuchagua kwa sababu ya "Niachie Taa". Kanda yetu inatimiza miaka ishirini mwaka huu, na itatolewa upya pamoja na kitabu.

Basi anza na siku ile ya kurekodi. Mimi nakumbuka kichwa changu kikiwa ndani ya kabati la nguo, kama mwizi aliyekosea pa kujificha, kwa sababu ulisema makoti yanalainisha sauti. Wewe nyuma yangu juu ya ndoo. Godoro limeegemezwa mlangoni, friji limezimwa, maziwa yanaharibika. Na Mama katolewa nje ya nyumba yake mwenyewe, amebeba ile saa ya ukutani iliyofungwa kwenye taulo ili mlio wake usiingie kwenye kanda. Mpaka leo nikimkumbuka Mama namwona hivyo, anavuka uwanja kwenda kwa jirani na saa kifuani kama anabembeleza mtoto.

Halafu, bwana mkubwa, kile kikohozi chako. Ubeti wa pili unaisha, gitaa linanyamaza kwa pumzi nne, na katikati ya ukimya ule mzuri kuliko wote niliowahi kuimba, wewe unakohoa. Ndiyo maana niliandika kwenye jalada "Gitaa na kikohozi: Nyuzi". Nilikuwa nakukomoa, sikujua kama nakupa umaarufu. Mpaka leo nikifika hapo ukumbi mzima unakohoa kwa pamoja, kisha wanacheka, nami nawatishia kidole. Miaka ishirini nakoholewa.

Habari njema ni kwamba fundi sauti anayesafisha kanda anaweza kukifuta. Anakata pale tu, wimbo unabaki kama ulivyopaswa kuwa. Sikulaumu tena, ila nataka kuusikia hivyo mara moja kabla sijafa.

Andika. Na usimwandikie Mhariri "nipo".

Wako,
Chiriku


Machi 15

Binamu Chiriku,

Nipo.

Naandika nikiwa karakana. Meza imejaa gundi, nimepangusa kona moja ya kuweka karatasi. Nina magitaa matatu ya shule yaliyovunjika shingo na kiti cha mwalimu mkuu. Kiti ndicho kinachonipa taabu.

Kwa ajili ya Mhariri: mashine tuliyorekodia ilikuwa ya kuazima, ya kaseti, ina njia nne na moja haifanyi kazi. Uzi wa tatu wa gitaa langu ulikuwa umekatika asubuhi ile, nikaufunga fundo. Ukisikiliza vizuri utausikia unalalamika kwenye kiitikio. Ndoo niliyokalia ilikuwa na maji ndani, kwa hiyo sikuthubutu kutikisa mguu kuhesabu mapigo. Nilikuwa nahesabu kwa kope. Tulirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili ndiyo iliyo kwenye kanda. Ilikuwa saa nane mchana, nje kimya, wewe jasho linakutoka kwa yale makoti. Uliimba kama mtu anayemwambia mwenzake maneno ya mwisho mlangoni. Nilisahau kama mimi ndiye ninayepiga.

Kikohozi ni vumbi la godoro tu. Liliniingia kooni.

Naomba mkiache. Watu wamekizoea. Wimbo usiokuwa nacho hawataujua.

Nyuzi


Machi 27

Nyuzi,

Karatasi ya kwanza ni ya Mhariri. Nimemsimulia harusi tuliyopigia wakati bwana harusi hayupo, nawe ukarudia wimbo wa kumkaribisha mara tisa. Amecheka sana, akakata nusu.

Karatasi hii ya pili ni yako peke yako.

Mara ya kumi na mbili ilikuwa yenyewe, umesema kweli. Ndiyo maana nilikasirika vile. Unakumbuka? Nilitoa kichwa kabatini nikauliza, "Nani amekohoa?" Ukasema, "Mimi." Hukusema hata samahani. Nikakuambia hustahili kupiga gitaa, unastahili kupiga misumari. Sasa ona ulivyoishia, na mimi ndiye niliyekutabiria. Neno lile limenikaa rohoni miaka yote, nisamehe.

Lakini kuna jambo wewe pia hujaniomba msamaha. Wiki moja kabla ya ziara, tiketi za basi ziko mkononi, majina yetu mawili kwenye mabango, unakuja kuniambia umepata kazi ya useremala na hutaki tena kuzunguka. Nilitembea miji kumi na minne na mpiga gitaa ambaye alikuwa anatafuna akiwa jukwaani. Kila nikigeuka kushoto nakuta taya za mtu mwingine. Na nikiwa huko ndipo Mama akafariki. Siku mbili za kubanwa kifua, mlivyoniambia, mtu aliyekuwa ameugua kifua akapona kabisa. Nilifika mmeshazika. Nilikukuta umekaa kwenye ngazi za nyumba yetu, na sikutaka kukupa mkono, kwa sababu wewe ulikuwepo na mimi sikuwepo. Huo ni wivu, najua. Wivu wa msibani ni mbaya kuliko wote.

Sikuandikii haya ili tugombane. Nimefika umri wa kutaka kujua. Kwa nini uliniacha?

Fundi anaanza kazi tarehe kumi na tano Aprili. Kikohozi kinatoka. Samahani, kwenye hili sikusikilizi.

Chiriku


Aprili 9

Binamu,

Kazi ilikuwa nzuri, nami nilikuwa mwoga wa mabasi. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Neno la misumari nililisahau zamani.

Mwambie fundi akiache kikohozi. Sijawahi kukuomba kitu tangu ziara ile, angalia utaona. Naomba hiki kimoja. Usiniulize kwa nini.

Kiti cha mwalimu mkuu kimesimama, ila ukikikalia kinageuka kidogo kushoto.

Nyuzi


Aprili 22

Nyuzi,

Juzi nilikwenda kwa fundi. Chumba chake kidogo, kuta zote zimepigwa sponji, na yeye anaongea kwa kunong'ona hata akiomba chai. Kanda yetu ilikuwa inamwaga unga wa kahawia kila inapozunguka. Alisema ameshaihamisha na haitazunguka tena. Kikohozi alikuwa amekwisha kukikata. Akaniuliza kama nataka kukisikia peke yake, kwa kuchekesha tu, maana yeye vipande anavyokata huwa anavitunza.

Alikwisha kuondoa ule mvumo wa kaseti, uliokuwa unafunika kila kitu. Akaongeza sauti.

Kuna pumzi inavutwa. Kuna kikohozi. Halafu kuna saa. Tik, tik, tik, mara tatu, karibu kabisa, kama iko mapajani mwa mtu.

Nyumba yetu ilikuwa na saa moja tu.

Nilimwomba arudie mpaka akaacha kuninong'oneza. Hicho si kikohozi cha mwanamume. Miaka yote nimekisikia ndani ya wimbo nikakuamini wewe, sijawahi kukisikiliza.

Usiniandikie habari za viti.

Chiriku


Aprili 30

Chiriku,

Ni Shangazi, mama yako.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Nitaandika kama ilivyotokea, bila kupangilia.

Jirani hakuwepo siku ile. Mama yako alimkuta kafunga mlango, akasimama juani na saa yake, kisha akarudi polepole asituharibie. Alikaa kwenye kile kigoda cha koridoni, nyuma ya godoro. Godoro lilikuwa limeacha upenyo upande mmoja. Wewe ulikuwa umenipa mgongo, kichwa kabatini. Mimi nilimwona. Aliniwekea kidole mdomoni, akatabasamu. Nadhani alifurahi jirani kutoka. Hukuwahi kumruhusu asikilize tukifanya mazoezi, ulisema akikuangalia unaona haya.

Alivumilia ubeti wa kwanza. Wa pili nikaona mabega yanaanza kutikisika. Akafungua taulo kwenye saa akajiziba nalo mdomo. Ndiyo maana saa inasikika, ilibaki wazi. Kikatoka katika zile pumzi nne. Alipoliondoa taulo mdomoni, lile jeupe, lilikuwa na damu.

Ukauliza nani amekohoa. Hapa ndipo nisipopenda kufika. Mama yako hakuniomba nidanganye. Hakuwa amesema neno. Nilijibu mwenyewe, haraka, kabla hujageuza shingo. Nilijua ukimwona pale na lile taulo tutazima mashine, na ile mara ya kumi na mbili itakuwa imekwisha. Niliuona wimbo kabla ya kumwona mgonjwa. Nimejaribu miaka ishirini kuikumbuka kwa namna nyingine na imekataa.

Alitoka kimyakimya, akarudi baada ya nusu saa kama mtu anayetoka kwa jirani. Akakuuliza kama imetoka vizuri.

Jioni alinifuata nikiwa nakusanya nyaya. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa usinigeuke." Hakuwa amepona. Alikuwa anakwenda kwa jirani kukohoa, ndiyo ziara zake zote zile za kuomba chumvi. Daktari alishamwambia mapafu hayarudi. Nikamwambia lazima nikuambie. Akasema, "Akijua hatapanda basi. Mimi nilibaki nikamuuguza mama yangu miaka sita, na nilikuwa na sauti nzuri kuliko ya huyu mwanangu. Hakuna aliyewahi kuisikia. Huyu aende." Unajua Shangazi alivyokuwa akisema neno la mwisho. Nilimwambia basi sharti langu moja, mimi sipandi basi, nabaki naye. Akakubali. Kazi ya useremala niliipata baadaye, nikiwa natafuta uongo wa kukaa ndani yake.

Zilikuwa wiki saba. Kila Jumamosi ukipiga simu pale dukani kwa jirani, nilikuwa namshika kiuno. Alikunywa maji moto kwanza, akasema sentensi fupifupi. Kikianza kumpanda ananipa simu, nami naikata. Laini haikuwahi kuwa mbovu.

Mchana nilikuwa namwekea kanda. Akifika ubeti wa pili ananyamaza, akijisikia anacheka mpaka nampepea. Alikuwa anasema, "Rudisha nyuma kidogo, nisikie zamu yangu." Nilichosha kaseti mbili. Ulipotuma lile jalada ulilochapisha huko ziarani alilisoma kwa sauti, "Gitaa na kikohozi: Nyuzi," akasema umemdhulumu.

Wiki ya saba nilitaka kukuita. Ulikuwa na maonyesho matatu yaliyobaki. Alisema, "Yaishe." Nikamsikiliza tena. Alikufa Alhamisi asubuhi, akiwa amelala upande wa kulia, saa imekaa kwenye kiti kwa sababu hakutaka niipandishe ukutani. Aliyewaambia watu waseme siku mbili ni yeye. Aliyelitekeleza ni mimi.

Uliniuliza kwa nini nilikuacha. Sikukuacha wewe. Lakini nilikunyang'anya wiki saba ambazo hazikuwa zangu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Binamu yako,
Nyuzi


Juni 11

Chiriku,

Mhariri amenipigia simu kuuliza kama niko hai. Nimemwambia nipo.

Barua yangu ya Aprili niliipeleka posta mwenyewe, kwa hiyo najua imefika.

Saa ninayo hapa karakana. Nilisita kukuambia. Baada ya maziko wewe ulichukua picha na makoti, mimi nikaichukua hii bila kuuliza. Naijaza ufunguo kila Jumatatu. Inachelewa dakika nne kwa wiki, kama alivyokuwa akichelewa yeye. Ni yako. Sema, nitaifunga vizuri na kuituma.

Sikuombi kitu kingine. Lile ombi la kuacha kikohozi nalo nimelirudisha. Fanya utakavyo.

Nyuzi


Agosti 2

Nyuzi,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Miezi mitatu kila nikitaka kukoroga chai nakutana nayo. Sikuihamisha. Nilinunua vijiko vingine.

Nimekuchukia vizuri sana, nataka ujue. Nimekuchukia kwa zamu, siku moja wewe, siku moja yeye. Mlikaa wawili mkanichagulia, kama mtoto anayenunuliwa viatu bila kuletwa dukani. Zile simu, Nyuzi. Nilikuwa nasimama kwenye kibanda na watu foleni nyuma yangu, laini ikikatika naigonga kwa ngumi, nawalaani watu wa simu. Mama alikuwa upande wa pili anakohoa na wewe umeshika mkonga wa simu.

Sijui ningefanya nini. Labda ningeshuka kwenye basi. Labda, na hili nimelisema mara moja tu, kwa goti langu, labda ningepanda hivyohivyo, maana nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne na nilitaka miji kumi na minne kuliko kitu chochote duniani. Sitajua kamwe. Hicho ndicho mlichonichukulia. Mmenifanya mtu mwema kwa lazima.

Sasa nikueleze la Jumamosi iliyopita, kwa sababu huna mwingine wa kukueleza, nami sina mwingine wa kumweleza.

Niliimba alasiri kwenye ukumbi wa chuo kimoja. Watu kama mia tatu. Sikutaka kuimba "Niachie Taa" lakini waliudai, na nikajiambia ni wimbo tu. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Mpiga gitaa akanyamaza. Nami nilikuwa nimesahau, naapa, kwa yote niliyokuwa nayo kichwani nilikuwa nimesahau wao watafanya nini.

Wakakohoa. Mia tatu kwa pamoja, wazee na vijana, kisha wakacheka, wakasubiri niwatishie kidole.

Miaka ishirini, Nyuzi. Kila mji niliosimama, watu nisiowajua wamenikoholea kikohozi cha Mama yangu, na mimi nikawachekea. Alikuwa ananifuata kila ukumbi na nilikuwa namtishia kidole.

Sikuweza ubeti wa tatu. Nilisimama tu na maikrofoni. Wao wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakakohoa tena, kwa nguvu zaidi, wakinisaidia. Nikalia mbele yao, nao wakapiga makofi.

Jumatatu nilirudi kwa fundi. Kile kipande bado alikuwa nacho. Nimemwambia akirudishe mahali pake, na pumzi yake, na saa ikigonga mara zote tatu. Aliniuliza kwa kunong'ona kama nina hakika, maana ni kasoro. Nikamwambia ndiyo.

Mhariri nimempa karatasi zile za mwanzo, ya harusi na ya ndoo, zile tulizokuwa tunachekeshana. Hizi nyingine hazimhusu. Jalada jipya nimeandika mwenyewe, kwa mkono, na nimemwambia akikata neno hata moja sitoi kanda:

Sauti: Chiriku
Gitaa: Nyuzi
Kikohozi: Mama

Sijakusamehe, na usiniulize ni lini. Lakini saa usiitume kwa posta. Ilete mwenyewe. Uifunge kwenye taulo.

Chiriku